Siku Niliyoikanyaga Rozari ya Bibi



Ndugu msomaji, nakuomba nafasi kidogo karibu na taa yako jioni hii. Neno nitakalokuambia nimekaa nalo miaka mingi, na hata watoto wangu hawakulijua mpaka juzi juzi.

Lilitoka hivi. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tulikutana kwa jirani yetu mmoja katika jumuiya ndogo ndogo. Tulisoma habari za Karoli Lwanga na vijana wenzake waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, kisha kila mtu akapewa nafasi ya kusema lililomgusa. Kijana mmoja, mwenye moyo mzuri kabisa, alisimama akasema kwa sauti kubwa, "Ningekuwa mimi, nisingemkana Kristu hata dakika moja. Wangenichoma tu!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mimi nikatazama miguu yangu.

Ilipofika zamu yangu nikasema nimechoka, nitasema siku nyingine. Basi siku hiyo nyingine ndiyo leo, na wewe ndiwe uliyeangukiwa na mzigo wa kusikiliza.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, mtoto wa kihamba na mfereji. Mapadre walifungua misioni ya Kilema mwaka 1890, na bibi yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa wale waliobatizwa wakati ambapo kubatizwa bado lilikuwa jambo la kuzungumzwa njiani. Hakujua kusoma. Litania aliiitikia kwa Kilatini, kama wazee wote wa siku zile, na jinsi alivyoyatamka maneno ora pro nobis, nadhani hata Baba Mtakatifu angehitaji mkalimani. Lakini mafumbo ya rozari aliyajua yote, na hakuna usiku uliopita asiyasali, hata usiku wa mazishi ya babu.

Rozari zake alizitengeneza mwenyewe. Kandokando ya mfereji wetu kulikuwa na nyasi fulani izaayo mbegu ngumu, za kijivu, zenye kung'aa, na tena zina tundu tayari katikati kama kwamba Mungu aliziumba kwa kazi hiyo. Alizitunga katika uzi wa kushonea magunia. Msalaba uliukatwa na fundi seremala wa kigango katika kipande cha mti wa mparachichi. Rozari moja ya namna hiyo alinipa mwaka 1974, siku niliyoondoka kwenda shule ya sekondari ya bweni. Akaniambia, "Mume wangu, huko uendako mimi sipo. Hii ndiyo itakayokuuliza kama umelala bila kusali."

Jina la shule si la lazima hapa. Walimu walikuwa watu wema, nao hawakujua yaliyofanyika bwenini baada ya taa kuzimwa. Sisi wa kidato cha kwanza tuliitwa njuka. Wakubwa walituamuru tutambae chini ya vitanda, tuimbe kama kuku, tuwafulie soksi. Mambo hayo mengi yalichekesha hata sisi wenyewe, na leo nikikutana na wenzangu twacheka tena. Isipokuwa moja.

Usiku huo mvua ilikuwa ikinyesha. Walikuja wakubwa watano na tochi moja. Walianza na kitanda cha jirani yangu. Yeye alikuwa na medali ya Bikira Maria shingoni, wakaikata, wakaiweka sakafuni, wakamwambia, "Kanyaga." Akasema hakanyagi. Wakampiga makofi. Akasema hakanyagi. Wakammwagia ndoo ya maji, wakamtoa nje kwenye mvua na kaptura yake tu, wakafunga mlango. Kisha tochi ikanigeukia mimi.

Walifungua sanduku langu la bati wakaikuta rozari. Mmoja akauliza, "Hirizi hii ni ya nani?" Nisikusingizie watu hao, ndugu msomaji: hawakuwa maadui wa dini. Angalau wawili walikuwa na majina ya ubatizo, na mmoja nilimwona akipokea Komunyo Jumapili iliyofuata. Walitafuta tu mahali penye uchungu wa mtu, wakapapata. Rozari ikatandazwa kwenye saruji, chini ya mwanga. "Kanyaga."

Nilisikia mvua juu ya bati. Nilimsikia mwenzangu akigonga mlango kwa nje. Nikakanyaga.

Mbegu mbili zilipasuka chini ya kisigino changu, na mlio wake ulikuwa mdogo kama wa chawa anapopasuliwa ukuchani. Wakacheka kidogo, wakaenda kitanda kingine. Hawakunipiga hata kofi moja. Jambo lote, naona, halikuchukua dakika tatu.

Alfajiri niliifunga katika karatasi, nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Nilipofika nyumbani likizo Bibi aliniuliza rozari i wapi, nikasema imepotea. Akanitazama, akasema, "Itaonekana." Basi.

Tangu hapo, kwa muda wa miaka saba, sikusali. Usidhani niliacha Misa. Nilikwenda kila Jumapili, maana asiyekwenda huulizwa maswali. Nilipiga magoti, nilisimama, niliimba sauti ya pili. Lakini kusali hasa, yaani kumwelekea Mungu peke yangu na kusema neno, sikuweza. Kila nilipoanza Salamu Maria nilisikia ule mlio. Tena nilikuwa nimelisoma lile neno la Bwana wetu katika Injili ya Mateo, kwamba atakayemkana yeye mbele ya watu, naye atamkana mbele ya Baba yake. Neno hilo si gumu kuelewa. Nikajihukumu mwenyewe, nikafunga kesi, kama mtu aliyehama nyumba na kuacha funguo ndani.

Mwezi wa Februari 1981 nilikuwa katika chuo cha ualimu. Padre mmoja mzee, mmisionari, alikuja kutuungamisha kabla ya Kwaresima. Siku zile Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuwa safarini Japani, na redio ilisema amefika Nagasaki na kwamba theluji imeanguka. Baada ya chakula cha jioni tukamwuliza padre: Wakristu wa Nagasaki wametoka wapi? Akavuta kiti chake. Aliyotusimulia usiku ule nitayaeleza pamoja na mengine niliyoyasoma mwenyewe baadaye, kwa maana tangu siku hiyo sijaacha kuyatafuta.

Mbegu ya huko ilipita karibu na kwetu. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alipokuwa akisafiri kutoka Ureno kwenda Goa, merikebu yake ilitia nanga Malindi mwaka 1542. Kisha, tarehe 15 Agosti 1549, alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani. Watu waliisikia Injili wakaipenda. Baada ya miaka sitini na kitu Wakristu wakawa wengi sana, yakisiwa watu 300,000 hivi.

Wakuu wa nchi wakaingiwa na hofu juu ya dini hii na juu ya wageni walioileta. Tarehe 5 Februari 1597 waliwatundika msalabani watu 26 juu ya kilima cha Nishizaka, Nagasaki, baada ya kuwatembeza kutoka Kyoto wakati wa baridi, wengi wao wamekatwa sikio. Miongoni mwao alikuwa Paulo Miki, aliyehubiri akiwa msalabani akawasamehe waliomwua, na mtoto Ludoviko Ibaraki, mwenye miaka 12. Mwaka 1614 dini ikapigwa marufuku nchi nzima. Mapadre wakafukuzwa, waliojificha wakawindwa. Waumini wakachomwa moto, au wakatundikwa kichwa chini ndani ya shimo, saa baada ya saa, hata siku kadhaa, mpaka wakane au wafe. Mwaka 1633 katika shimo hilo alikana padre mwenyewe, Cristóvão Ferreira, mkubwa wa Wajesuiti wa Japani. Padre wa mwisho aliuawa mwaka 1644. Nchi ilikuwa imekwisha kufungwa kwa wageni, na Ulaya watu wakadhani mambo yamekwisha.

Sasa nisikilize hapa, msomaji, maana hapa ndipo kiti changu kilipoanza kuniunguza.

Ili kuwatambua Wakristu, wakuu walitengeneza sanamu za kukanyagwa. Kwanza zilikuwa picha za karatasi, kisha mbao zilizotiwa medali, kisha za shaba: Yesu msalabani, au Bikira Maria na Mtoto. Wajapani huziita fumie. Huko Nagasaki, kila mwaka mpya ulipoingia, maofisa walipita mtaa kwa mtaa. Watu wa kila nyumba walisimama mstari, miguu mitupu, wakakanyaga mmoja mmoja, na majina yakaandikwa kitabuni. Wagonjwa pia. Hata mtoto mchanga, mama yake alimshika na mguu wake ukagusishwa kwenye sanamu. Desturi hii ilianza katika miaka ya 1620, ikaendelea mpaka miaka ya 1850. Baadhi ya sanamu hizo zingaliko hata leo katika nyumba za makumbusho, na uso wa Bwana wetu umelika ukawa laini kama jiwe la mtoni, kwa wingi wa nyayo.

Padre akanyamaza kidogo, akatuuliza: "Waliokataa kukanyaga walifanywa nini?" Tukajibu kwamba waliuawa. Akasema, "Naam. Basi wale walioihifadhi dini miaka zaidi ya 200, walikuwa akina nani?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa ni wale waliokanyaga.

Walikanyaga mchana, na usiku wakafunga mlango wakasali. Hawakuwa na padre, hawakuwa na Misa, wala maungamo. Walipanga kazi wao kwa wao. Mmoja aliitunza kalenda, ili wajue Jumapili ni lini, Kwaresima inaanza lini, na Noeli i lini. Mmoja alibatiza, naye ilimpasa kuyajua maneno ya ubatizo bila kosa, kwa sababu likiharibika neno hilo limeharibika lote. Mmoja alipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Bikira Maria walimsali mbele ya sanamu ya Kannon, yule wa huruma katika dini ya Kibudha, akiwa amempakata mtoto. Ofisa akiingia haoni cha kushika. Sala zenyewe waliziita orasho, neno la Kilatini lililogeuzwa na ndimi zao. Hawakuthubutu kuziandika ovyo, basi baba alimnong'oneza mwanawe, mwana akamnong'oneza mjukuu. Maneno mengine ya Kilatini yalipita midomo mingi hata maana ikapotea, ikabaki sauti tu. Hapo nilimkumbuka Bibi na litania yake, nikataka kucheka, nikashindwa.

Na ile sala iliyokuwa kubwa kupita zote kwao ilikuwa sala ya majuto. Mwaka 1603, kabla ya marufuku kuu, Kanisa la huko lilitoa kijitabu cha kueleza majuto kamili: kwamba mtu asiyeweza kumpata padre, akijuta dhambi zake kwa sababu ya kumpenda Mungu, akikusudia kuungama mara apatapo nafasi, Mungu humsamehe. Waliotunga kijitabu hicho waliona mbele. Mapadre walikwisha, kijitabu kikabaki, kikinakiliwa kwa siri kwa mkono na kukaririwa kwa moyo. Wazazi wakarudi nyumbani kutoka kwenye sanamu, na sala hiyo ikawangojea. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Watoto wao vivyo hivyo. Vizazi saba.

Mimi nilikanyaga mara moja nikaacha kusali miaka saba. Wao walikanyaga kila mwaka, na kila mwaka wakasali.

Mwisho wake, au tuseme mwanzo wake, pengine waujua. Nchi ilipofunguliwa tena, Wafaransa walijenga kanisa Oura, Nagasaki, kwa ajili ya wageni tu. Kwa Mjapani bado ilikuwa hatari ya kifo. Tarehe 17 Machi 1865, yapata saa sita na nusu mchana, Padre Bernard Petitjean aliona watu kumi na kitu wamesimama mlangoni, wanaume kwa wanawake na watoto. Akawafungulia, akaenda kupiga magoti mbele ya altare. Wanawake wakamsogelea, na mmoja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mioyo yao ni sawa na wa kwake. Kisha akauliza sanamu ya Santa Maria i wapi. Walitoka kijiji cha Urakami, mwendo mfupi kutoka hapo. Wakamwambia padre kwamba wanashika siku za huzuni, na kwamba siku ile ni ya kumi na saba. Kahesabu mwenyewe kama wataka: mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 1 Machi. Miaka zaidi ya 200 bila padre, na hawakukosea hata siku moja!

Lakini usidhani mateso yaliisha hapo. Mwezi wa Julai 1867 maofisa waliwavamia watu wa Urakami usiku, wakawakamata kwa makumi. Wakawatesa. Na hapa historia haituchagulii maneno matamu: karibu wote walikana. Mtu mmoja tu, Takagi Sen'emon, alisimama mpaka mwisho bila kukana. Hao wengine wakaachiliwa wakarudi nyumbani, na humo nyumbani hawakupata usingizi. Wengi wao wakaondoka tena kwa miguu yao wenyewe, wakaenda kwa maofisa wale wale, wakawaambia: neno tulilolitoa tunalirudisha.

Nalirudia jambo hili kila mara moyoni. Kufa kwa mara ya kwanza kwa ushujaa, hilo nalielewa na kuliheshimu. Lakini kujua tayari jinsi kamba inavyouma, kujua tayari kwamba wewe ni dhaifu, halafu kurudi kugonga mlango ule! Serikali ikawahamisha watu wa Urakami wote, yapata 3,400, ikawatawanya mbali katika majimbo mengi. Wengine walitiwa katika vibanda vyembamba ambamo mtu hawezi kujinyoosha. Huko Tsuwano walitupwa katika bwawa lenye barafu. Zaidi ya 600 walikufa uhamishoni. Mataifa ya nje yakapiga kelele, na mwezi wa Februari 1873 mabango ya marufuku yakaondolewa. Waliobaki wakarudi Urakami wakakuta vibanda vitupu na mashamba ya magugu.

Kisha wakafanya jambo moja linalonipendeza kuliko yote. Walikusanya senti zao wakanunua kiwanja na nyumba ya mkuu wa kijiji, ambayo ndani yake wao na baba zao walikuwa wakilazimishwa kukanyaga sanamu mwaka hata mwaka. Wakaifanya nyumba ya sala, na mahali hapo hapo, tangu 1895, wakajenga kanisa kubwa la matofali. Lilimalizika 1914. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipasuka karibu nalo. Katika Wakatoliki 12,000 hivi wa Urakami, hukadiriwa 8,500 walikufa. Ndani ya kanisa saa ile mapadre wawili walikuwa wakiungamisha watu kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni; walikufa pamoja na waungamaji wao. Kwa bomu lile sina maelezo, wala sitayatafuta hapa. Kanisa likajengwa tena mwaka 1959.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kukanyaga ni kitu kidogo. Paulo Miki hakukanyaga, Karoli Lwanga hakukanyaga, na bila wao sala zile za kunong'ona zisingekuwa na kitu cha kunong'ona. Mwezi wa Februari 2015 vijana 21, Wamisri 20 na Mghana mmoja, walichinjwa ufukweni Libya kwa sababu ya jina la Yesu, nao hawakulikana. Mimi mbele ya watu kama hao navua kofia. Ninachosema ni kwamba yule kijana wa jumuiya yetu hajui atafanya nini tochi ikimgeukia. Wala mimi sikujua.

Hapa lazima nikuambie pia habari za mwenzangu wa medali, maana najua wataka kuuliza. Nilikutana naye stendi ya mabasi Moshi, sote tumeota mvi. Tukakaa, tukanywa chai, nikajipa moyo nikamkumbusha usiku ule. Nilitaka kumwomba radhi, kwa kuwa alikuwa akigonga mlango nami sikumfungulia. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ah, bwana, bado unayakumbuka hayo? Mimi siku ile sikukataa kwa imani hata kidogo. Nilikuwa mbishi tu! Yule mwenye tochi nilikuwa simpendi tangu Jumatatu." Kisha akaniambia kwamba siku hizi anafika kanisani Krismasi na kwenye misiba. Basi lake lilipoita abiria akanishika mkono, akasema polepole, bila kucheka sasa, "Lakini wewe unasali, eti? Niweke humo."

Namweka humo. Sijui nani angetunga jambo la namna hiyo, kwamba aliyekanyaga amwombee asiyekanyaga.

Turudi mwaka 1981. Usiku ule ule, wenzangu walipokwisha kwenda kulala, nilimfuata padre. Alikuwa amekwisha kuvua viatu. Akavivaa tena, akavaa stola, nikapiga magoti kwenye sakafu ya sementi kama ile ya bweni. Yaliyosemwa ni siri ya kitubio. Malipizi tu nitakutajia, kwa kuwa ni yangu: aliniagiza, nikifika nyumbani, nimwambie mwenye rozari.

Ndugu msomaji, kumwambia Mungu kulikuwa rahisi zaidi. Nilifika nyumbani siku za Pasaka. Siku tatu nzima nilikata majani ya ng'ombe, nikatengeneza banda, nikachota maji ambayo hayakuhitajika, ilimradi nisikae naye peke yangu. Siku ya nne nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikatoa ile karatasi, imekuwa ya manjano, nikaiweka mbele yake juu ya kigoda, nikamweleza yote: tochi, mvua, mwenzangu mlangoni, na ule uongo kwamba imepotea.

Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akafuta mikono yake kwenye kanga, akaifungua karatasi, akaipitisha rozari vidoleni tangu msalabani mpaka mwisho, polepole, kama anayesali. Alipofika penye mbegu zilizopasuka akasimama.

"Ulikuwa umevaa viatu?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Miguu mitupu."

"Ilikuuma?"

Nikamwambia iliniuma.

Akatikisa kichwa. Kisha akaitazama tena, akahesabu kwa kidole. "Ni mbili tu," akasema. "Nenda mferejini kabla jua halijazama, uchume mbegu nne. Mbili za kutia hapa, na mbili za akiba, maana macho yangu siku hizi huniangushia vitu."

Nikaenda.